Mwiba Ulipobaki
Somo: 2 Wakorintho 12:7-10



Mtume Paulo aliomba mara tatu aondolewe mwiba mwilini. Mwiba ulibaki, naye akaendelea na kazi ya Mungu. Somo hili nalifahamu, maana mimi daktari nilizaliwa na selimundu, ugonjwa wa damu. Utotoni mifupa iliniuma usiku kucha, na majirani walinong'ona kwamba mama yangu amelaaniwa.

Hakulaaniwa. Ugonjwa huu hurithiwa kwa baba na mama pamoja, hata wenyewe wakiwa wazima. Wakiwa wote wawili wamebeba chembe za urithi wake, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya kuleta mtoto mgonjwa. Chembe nyekundu za damu hujipinda kama mundu na kuziba mishipa midogo. Ndipo maumivu huja. Si uchawi. Hata wanafunzi walipouliza habari za yule kipofu, Yesu hakuwalaumu wazazi wake (Yohana 9:1-3).

Basi, enyi wazazi, msimfiche mtoto. Mpeni maji mengi, mkingeni na baridi, alale ndani ya chandarua, kwa maana malaria ni hatari sana kwake. Akipata homa, mpelekeni zahanati siku hiyo hiyo, mkiomba njiani. Wala msimwachishe dawa kwa sababu ameombewa; Luka naye alikuwa tabibu.

Nanyi majirani, mama akilazwa na mtoto, mchoteeni maji, waangalieni wadogo waliobaki nyumbani. Hiyo nayo ni sala.

Mungu awabariki. Amina.