Sarafu za Culion

Mwaka 1913 serikali ya Wamarekani iliyokuwa ikitawala Ufilipino ilitoa sarafu za alumini, nyepesi, zenye jina la idara ya afya na la kisiwa cha Culion. Duka la Manila halikuzipokea. Zilikuwa pesa za wagonjwa wa ukoma peke yao, maana wakubwa waliogopa kwamba sarafu iliyopita mkononi mwa mgonjwa ingebeba maradhi hadi kwa wazima.

Hofu hiyo ilizidi kipimo. Ukoma ni mzito wa kuambukiza. Katika kila watu 100, takriban 95 miili yao huushinda bila dawa. Daktari Hansen wa Norway alikuwa amemwona mdudu wake tangu 1873, na nchi yake iliwaruhusu wagonjwa wengi wajitenge majumbani mwao. Mkutano wa madaktari wa Berlin, mwaka 1897, ulipopendekeza wagonjwa watengwe, makoloni kadhaa yaliwapeleka visiwani.

Tarehe 27 Mei 1906, wagonjwa 370 kutoka kisiwa cha Cebu walishushwa Culion. Mwaka uliofuata sheria ikampa mkurugenzi wa afya, Victor Heiser, uwezo wa kumkamata yeyote mwenye ukoma, atake asitake. Kufikia miaka ya 1930 kisiwa kilikuwa na watu karibu 7,000. Waliozaa huko walinyang'anywa watoto, nao watoto wakapelekwa kulelewa katika kituo cha Balala. Na tiba? Sindano za mafuta ya chaulmoogra, zenye maumivu makali na nafuu ya kubahatisha.

Sisi husema mficha maradhi kilio humfichua, kana kwamba kosa ni la mgonjwa. Jiweke mahali pa mzazi wa Cebu aliyeona baka lililokufa ganzi mgongoni mwa mwanawe. Akimpeleka kwa daktari, mtoto anapandishwa meli na huenda asirudi. Angemficha, nani asingemficha? Basi wengi walifichwa vyumbani na mashambani, wakakaa humo na ugonjwa wao hadi vidole vikapinda, huku waliolala nao chumba kimoja wakizidi kuwa hatarini. Sheria iliyotungwa kuwakinga wazima ndiyo iliyoufungia ugonjwa ndani ya nyumba zao. Heiser alikuwa mtu hodari, mwenye bidii ya kweli. Hilo halikuwafaa kitu waliomkimbia.

Dawa za kweli zilianza kupatikana Carville, Marekani, mwaka 1941, na tangu 1981 Shirika la Afya Duniani linapendekeza mchanganyiko wa dawa unaouponya ukoma kabisa. Huhitaji kisiwa wala polisi, ila mgonjwa ajitokeze mapema.

Kwa hiyo, msomaji, ukiona kwenye ngozi yako au ya mwanao baka lililopauka, lisilohisi ukiligusa kwa unyoya, nenda kituo cha afya wiki hii. Vidonge ni bure, humezwa kwa miezi 6 au 12, na jioni utarudi kulala nyumbani kwako.