Onyo kwa Wanaokwenda kwa Wanawake Ugenini

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wake, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Tangu Ngorongoro kufanywa eneo la hifadhi mwaka 1959, na wageni kuzidi kulijia bonde lake, vijana wa pwani wamekwea bara kutafuta riziki: huyu dereva, huyu mpishi, huyu mchuuzi. Hulala Karatu, mji ulio njiani kabla ya lango la hifadhi. Kuchuma halali ni jambo la kusifiwa. Lakini usiku wa huko ni baridi, nyumbani ni mbali, na hapana mzee wa mtaa amjuaye kijana kwa jina la babake. Hapo ndipo hutoka, peke yake au na mwenziwe, kwenda kwa wanawake.

Atokaye peke yake hujua moyoni kuwa anakosa. Atokaye na mwenziwe hujidanganya, akasema, "Tu wawili, hapana faragha." Imam Nawawi, katika sherehe yake ya Sahihi Muslim, ameeleza kuwa kauli mashuhuri ya Mashafii ni kuharimisha hata wanaume wawili kukaa faragha na mwanamke wa kando, ila watu ambao kwa wema wao haidhaniwi kuwa watakubaliana juu ya uchafu. Basi mwenzi mwenye nia ile ile si mlinzi. Ni kuni juu ya moto. Na Sura ya Bani Israil, aya ya 32, imekataza hata kuikaribia zina.

Na hadithi aliyoisherehesha Imam ni ya mwanamke ambaye mumewe hayupo. Na afikiri basi dereva aliyemwacha mkewe Tanga: mkewe leo ndiye huyo. Je, ataridhia wanaume wawili wambishie mlango usiku? Na binti wa Karatu naye ana baba.

Aliyeoa na arejee kwake, au amlete mkewe. Asiyeoa na amchukue rafiki yule yule, mchana, waende kwa walii wa binti kuposa. Sharia imemruhusu mposaji kumtazama uso na viganja. Kisha rafiki, akiwa mwadilifu, awe mmoja wa mashahidi wawili wa nikahi. Asiyeweza kuoa na afunge, kama alivyowausia Mtume vijana.

Mwenyezi Mungu awahifadhi wasafiri na walioachwa nyumbani. Amin.