Mashavu Yaliyoshuka na Kisu cha Tabibu

Katika darasa letu la baada ya Isha, ndugu mmoja wa mjini alitutolea suala ambalo baadhi ya waliohudhuria walilicheka, na sisi hatukuona ndani yake la kuchekesha. Dada yake, mwanamke wa miaka 55, ameletewa habari na mwanawe aliye ughaibuni kwamba atamlipia gharama zote akafanyiwe upasuaji wa kunyanyua mashavu, kwani yameshuka na kumwonyesha mzee kuliko umri wake. Dada huyo ataka kujua: je, hiyo ni tiba, kama mtu kukatwa kidole kilichooza? Au ni pambo, kama hina na wanja? Au ni kule kugeuza umbile la Mwenyezi Mungu ambako Qur'ani imekuhesabu katika maamrisho ya Shetani?

Tuliomba muhula wa kutazama, kwani si insafu kulikatia hukumu jambo usilolijua. Wako watu kwetu ambao neno "haramu" li karibu na ndimi zao kuliko mate yao, na wako wengine ambao kila kitokacho ng'ambo kwao ni maendeleo. Makundi yote mawili hupumzika na taabu ya kufikiri.

Basi na tuanze na shavu lenyewe. Shavu halishuki kwa sababu ya ngozi pekee, kama tudhanivyo tutazamapo kioo. Chini ya ngozi mna mafuta, na mwaka 2007 matabibu wawili wa Marekani, Rohrich na Pessa, walionyesha kwamba mafuta hayo si tandiko moja, bali yamegawanyika vyumba vyumba, na kila chumba huzeeka kwa njia yake: kingine hunywea na kingine huteremka. Kano zinazoishikilia nyama ya uso katika mfupa hulegea. Na mfupa wenyewe wa utaya wa juu hupungua na kurudi nyuma, hata nyama ikawa mfano wa hema ambalo nguzo zake zimefupishwa. Hapo ndipo linapotokea bonde chini ya jicho, na mfereji utokao pembeni mwa pua hadi pembe ya mdomo. Hapana maradhi katika hayo yote. Ni kazi ya siku, na humfikia kila apewaye umri.

Wapasuaji wa mwanzo, katika miaka ya awali ya karne ya 20 huko Ulaya na Marekani, walikuwa wakikata kipande cha ngozi karibu na sikio, wakaivuta iliyobaki na kuishona. Lakini tabia ya ngozi ni kunyumbuka, na kazi yao haikudumu. Mwaka 1974 Tord Skoog wa Uswidi alieleza namna ya kuinua ngozi pamoja na tabaka iliyo chini yake, na mwaka 1976 Wafaransa wawili, Mitz na Peyronie, wakalieleza tabaka hilo waziwazi: ni utando wenye nguvu, ambao ukivutwa huchukua mzigo badala ya ngozi. Hata hivyo sehemu ya katikati ya uso ilibaki na ukaidi wake; utaya ulinyooka, na ule mfereji wa pua ukakaa pale pale. Ndipo Sam Hamra wa Dallas, mwaka 1990, alipoeleza njia ya kupita ndani zaidi, chini ya utando, ili nyama ya shavu ipandishwe yote pamoja. Wengine hupita chini ya ukope wa chini wa jicho. Wengine hutoboa vitundu katika nywele za kipajini, wakaingiza darubini nyembamba na kuibandua nyama mpaka kwenye mfupa. Wengine hawavuti kitu. Huchota mafuta tumboni wakayajaza shavuni, au huweka kipande cha silikoni juu ya mfupa.

Ni ustadi mkubwa, hatuukanushi. Lakini una bei isiyoandikwa katika hesabu ya fedha. Damu huweza kukusanyika chini ya ngozi, na hilo ndilo dhara litokealo mara nyingi zaidi. Ukope wa chini huweza kuvutika, jicho lisifumbike vyema. Na mshipa wa fahamu wa uso, ulio wa 7 katika jozi 12 zitokazo ubongoni, hupita mle mle anamofanya kazi mpasuaji. Ukikatwa, mtu aliyekwenda kutafuta ujana hurudi na mdomo uliopinda. Na wakisalimika wote, wapasuaji wenyewe huhesabu kwamba kazi yao hudumu miaka kumi hivi, pengine isifike. Uzee hauko kwenye ganzi wakati mtu anapolala kitandani. Unaendelea na safari yake.

Sasa yatupasa kupambanua, kwani kisu ni kimoja na makusudio si mamoja. Yuko mtu aliyepooza upande mmoja wa uso. Shavu lake limeanguka, chakula hukwama kati ya fizi na shavu, maji humtiririka anywapo, na jicho hukauka kwa kutofumba. Mtu huyo tabibu humchukulia ukanda wa utando wa paja akalitundika shavu nao. Na tangu mwaka 1976, alipoeleza Mjapani Harii, huweza hata kuhamishiwa msuli hai wa paja, ukashonewa mishipa yake, naye akapata kutabasamu tena. Wako pia wale askari waliovunjwa nyuso katika Vita Vikuu vya Kwanza, ambao Harold Gillies aliwatengeneza nyuso zao katika hospitali ya Sidcup, Uingereza, iliyofunguliwa mwaka 1917, walizidi 5,000. Nani atakayesema hao wamegeuza umbile? Wamerudishiwa. Sahaba Arfaja alikatwa pua vitani kabla ya Uislamu, akaweka ya fedha ikanuka, na Mtume (S.A.W.) akamwelekeza aweke ya dhahabu, hali dhahabu ni haramu kwa wanaume. Dalili gani iliyo wazi kuliko hiyo?

Ama shavu zima, lisilo na ila ila miaka, hilo ni jambo jingine. Imepokewa kwamba Mtume (S.A.W.) aliwahimiza watu kujitibu maradhi yote, akalitoa moja tu lisilo na dawa, nalo ni uzee. Na Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha 18 kilichofanyika Putrajaya, Malaysia, mwezi wa Julai 2007, liliruhusu upasuaji wa kurudisha umbo la kiungo na kuondoa ila ya kuzaliwa nayo au iliyompata mtu baadaye, likakataza kuondoa makunyanzi kwa kisu au kwa sindano isipokuwa pakiwa na maradhi na pakisalimika na madhara. Sisi twaiona hukumu hiyo kuwa ni sawa.

Atauliza mwenye kuuliza: mbona basi kupaka rangi mvi kumeruhusiwa, hali nako ni kuuficha umri? Suala hili ni zuri, na halijibiwi kwa kukemea. Siku ya kufunguliwa Makka, Abu Quhafa, baba yake Abubakar, aliletwa na kichwa cheupe kabisa, na Mtume akaamrisha kigeuzwe rangi, na nyeusi iepukwe. Kwa hiyo kupendeza si dhambi, hata kwa mzee. Lakini hina haikati nyama nzima, haihatirishi jicho wala mdomo, na huchuja yenyewe. Mwenye kuipaka hamwambii mtu kwamba ana miaka ishirini. Anayekata uso mzima anauza afya aliyo nayo kwa ujana asioupata.

Lau tungeishia hapa tungekuwa tumesema kweli nusu. Palikuwa na tabibu mwanamke huko Paris, Suzanne Noël, aliyeandika kitabu mwaka 1926 juu ya upasuaji wa urembo na faida yake katika jamii. Wengi wa wanawake waliomjia hawakuja kwa majivuno. Walikuja kwa hofu ya kupoteza kazi zao, kwa kuwa tajiri hataki uso uliochoka mbele ya wateja. Yeye alikuwa akiwakata kidogo kwa ganzi, nao wakarudi makwao siku ile ile. Twakiri kwamba hoja hii ni nzito, na mwanamke wa namna hiyo hatuthubutu kumnyoshea kidole. Lakini tazama, ewe ndugu msomaji, ni nani aliyebaki bila ya kupasuliwa: ni yule tajiri. Mashavu ya mmoja yakinyanyuliwa, macho ya tajiri huzoea, na mwenziwe asiye na fedha za kumpa tabibu huonekana kuwa amejitupa. Jambo lililoanza kuwa khiyari ya mmoja huwa kodi ya wote. Asemaye kwamba uso ni wake na hamdhuru mtu, na alipime hilo.

Wala tusiende Paris. Mji wetu huu una matajiri wa namna ile, na hawana duka wala ofisi. Ni mume asemaye mbele ya watoto kwamba mkewe amechujuka, naye tumbo lake limemtangulia mlangoni. Ni wanawake wa arusini wasemao, "Mwana wa fulani amekuwa bibi kizee, masikini!" na mwenyewe yu wa pili katika mkeka. Ni wanaume waliohifadhi kila dalili ya kuruhusiwa mke wa pili, na hawakuhifadhi hata moja ya kukaa na wa kwanza kwa wema. Mwanamke akisikia hayo miaka kumi, kisha akasikia kwamba kuna kisu kiondoacho aibu hiyo, sisi tumwambie nini? Tumsomee dalili za kumkataza, na wale waliomnolea kisu tuwape kahawa?

Tulimwuliza yule ndugu, dada yake alianza lini kuchukizwa na mashavu yake. Akainama. Kisha akasema ni baada ya arusi ya binti yao, zilipoletwa picha nyumbani, na shemeji yake akauliza kwa sauti, huyu mama aliyekaa kando ya bibi arusi ni nani. Watu wakacheka. Akasema hata yeye alicheka.

Jibu letu kwa dada ni hilo tulilolieleza: uso wake hauna maradhi, asiutie hatarini, na hina na wanja na nguo nzuri na ajipambe, hapana wa kumzuia. Ndugu yake ametuomba karatasi hii ampelekee. Tumempa mbili, moja ya dada na moja ya shemeji.