Je, Yafaa Kuuona Ugonjwa Pasipo Kuuponya?

Wavuvi wa dagaa kisiwani Pemba hutoka usiku na taa. Samaki waufuata mwangaza, wakusanyika. Lakini mvuvi asiye na wavu, taa yamfaa nini? Atawaona samaki, kisha atarudi pwani na chombo kitupu. Neno hili twataka kulifikiri pamoja nanyi, ndugu wasomaji, kwa habari ya ugonjwa wa saratani.

Miaka hii wataalamu hufanya chembe ndogo mno, ambazo kipimo chake ni nanomita, yaani milimita moja iliyogawanywa sehemu 1,000,000. Ziko chembe ambazo zikimulikwa hutoa mwanga wa rangi. Kwa kazi ya chembe za namna hii Moungi Bawendi, mwana wa Mtunisia, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2023 pamoja na Louis Brus na Alexei Ekimov. Nia ya matabibu ni kwamba chembe ichukue dawa, ipite katika damu hata kwenye uvimbe, ing'ae hapo ili daktari auone mpaka wa ugonjwa, kisha iitoe dawa papo hapo, mwili mzima usiumizwe. Ndiyo taa na wavu pamoja.

Lakini tusidanganyike. Mwanga huo haupenyi mbali katika nyama ya mwili, na chembe nyingine zina kadimiamu, nayo ni sumu. Tena mwaka 2016 wataalamu wa Toronto walikusanya majaribio ya miaka 10 juu ya chembe zichukuazo dawa, wakaona ya kuwa kwa kawaida isiyotimia sehemu 1 katika 100 ndiyo iliyofika kwenye uvimbe.

Basi wako wasemao: Mambo hayo yatuhusu nini? Mgonjwa wa Wete akitumwa Ocean Road, ile hospitali ya Dar es Salaam iliyojengwa na Wadachi mwaka 1897, hana budi kuvuka bahari. Kwanza apate nauli, ndipo tuzungumze habari za chembe! Neno hilo lina haki, ila si haki yote, maana elimu ya leo ndiyo dawa ya wajukuu.

Tazameni siki. Katika hospitali nyingi za Tanzania muuguzi hupaka siki nyepesi kwenye mlango wa kizazi. Mahali palipoanza kuharibika hugeuka peupe. Na pakiwa padogo, hutibiwa kwa baridi kali au kwa joto, mara nyingi siku ileile. Siki na chembe ing'aayo zina sheria moja: aonyeshaye ugonjwa amejifunga kuutafutia dawa.

Labda mtu atauliza, Je, asiyeweza kupona asiambiwe? La, aambiwe, kwa kuwa ni haki yake kujua na kutengeneza mambo ya nyumba yake. Lakini huyu naye asiachwe. Apewe dawa ya kutuliza maumivu, na watu wa kukaa naye.

Nasi tusio matabibu sheria hii yatushika. Ukimwambia dada yako, "Nenda ukapimwe," umekwisha kuwasha taa. Basi uliza pia nauli ya chombo itatoka wapi, na watoto watabaki na nani.