Gharama ya Uzuri Hulipwa na Nani?

Wahenga walituachia neno kwamba uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Aghlabu neno hili hutumiwa kumwonya kijana aliyetekwa na sura asiyoijua tabia yake. Lakini tukiutazama mkakasi wenyewe, tutaona kwamba hauna la kulalamikia. Fundi huuchonga na kuutia nakshi atakavyo, na mti hauumii. Swali ninalotaka kulijadili hapa lahusu kitu kingine. Kiumbe mwenye pumzi anapofanywa mkakasi, akafinyangwa kizazi baada ya kizazi ili alipendeze jicho la mtazamaji, gharama ya uzuri huo hulipwa na nani? Mfano nitakaoutumia ni maonyesho ya mbwa wa nasaba, hasa yale ya Uingereza.

Huenda msomaji wa visiwani akakunja uso. Sisi tuliolelewa katika madhehebu ya Shafi twamjua mbwa kwa najisi yake, na mate yake yanatulazimu kuosha chombo mara saba, moja kwa udongo. Basi mbwa wa Wazungu watuhusu nini? Jawabu ni kwamba hukumu ya tohara haikuwa kamwe ruhusa ya ukatili. Ni katika mafunzo hayo hayo tunasimuliwa habari za mtu aliyeshuka kisimani, akajaza kiatu chake maji, akamnywesha mbwa mwenye kiu, naye akasamehewa dhambi zake. Kiu ya mnyama ilihesabiwa. Na ikiwa kiu yake huhesabiwa, pumzi yake nayo haiwezi kuachwa nje ya hesabu.

Maonyesho ya namna hii yana umri mfupi kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1859, katika mji wa Newcastle, yalifanyika mashindano ya mbwa wa kuwindia ndege, na zawadi zake zilikuwa bunduki. Mwaka 1873 ikaundwa Kennel Club, chama cha kuandikisha nasaba za mbwa na kuweka kanuni za mashindano, na mwaka 1891 Charles Cruft akaanzisha London maonyesho ambayo hadi leo yanaitwa Crufts, nayo sasa hufanyika Birmingham. Kabla ya hapo mbwa alithaminiwa zaidi kwa kazi yake: huyu alinde kondoo, yule afukuze sungura. Maonyesho yalimtoa mbwa shambani yakamweka ulingoni, na swali likageuka. Watu hawakuuliza tena anafanya nini, bali anafanana na nini.

Anafanana na nini? Na maandishi. Kila aina ya mbwa ina kigezo chake kilichoandikwa, kinachoeleza kichwa, masikio, mgongo, rangi na mwendo. Jaji anaposimama ulingoni hufungua kinywa cha mbwa ahesabu meno, hupapasa mabega, huamuru atembezwe mbele na nyuma. Kwa mujibu wa kanuni, hamlinganishi mbwa huyu na yule tu, bali humlinganisha kila mmoja na mbwa kamili aliyemo katika kigezo, mbwa ambaye hajapata kuzaliwa. Washindi wa kila aina hupambana katika makundi saba, na kutoka washindi saba hupatikana mmoja.

Wapenzi wa ushairi hawatashangaa kusikia habari za kigezo. Sisi pia tunayo arudhi. Shairi lina vina vya kati na vya mwisho, na mizani kumi na sita katika mshororo, nane kwa nane. Likipotoka huitwa guni. Tumebishana miaka mingi kama sheria hizi ni uti wa mgongo wa shairi au ni pingu zake. Sitaki kuufufua ugomvi huo. Nataka kuonyesha mahali ambapo mfano wetu unafanana na wa mbwa, na mahali unapoachana nao. Wote wawili waweza kutimiza kila sharti na bado wakakosa uhai. Lakini shairi lililobanwa na vina halikosi usingizi. Anayekosa usingizi ni mshairi, naye aliuchagua mzigo huo mwenyewe. Mbwa hakuchagua.

Tumtazame buldogi. Babu zake walitumiwa kupigana na fahali, mchezo uliopigwa marufuku Uingereza mwaka 1835. Mchezo ulipokwisha, mbwa alibaki na watu wakampenda kwa sura yake: uso bapa, kichwa kipana, mikunjo ya ngozi. Palipokuwa na pua fupi ikatakiwa fupi zaidi, kwa kuwa ulingoni anayeonekana haraka ni yule aliyezidi. Lakini fuvu lilipofupishwa, nyama laini za ndani hazikupungua kwa kiasi kile kile, zikaziba njia ya hewa. Ndiyo maana wengi wao hukoroma wakiwa macho na huzidiwa siku ya joto. Na vichwa vikawa vipana kuliko nyonga za mama zao. Utafiti uliochapishwa Uingereza mwaka 2010 ulionyesha kuwa zaidi ya asilimia 80 ya mimba za buldogi zilizaliwa kwa kupasuliwa. Wengi wa viumbe hawa, basi, hawazaliwi bila kisu cha daktari.

Gharama ya pili imo katika daftari la nasaba. Daftari likifungwa, damu mpya haiingii, na ndugu huzaa na ndugu. Ni mwaka 2009 tu Kennel Club ilipoacha kuwaandikisha watoto wa baba na binti, wa mama na mwana, au wa ndugu wa tumbo moja. Hapa pana kisa kinachopaswa kutugusa sisi watumiaji wa Kiswahili. Yuko mbwa kutoka misitu ya Kongo, mdogo, mkia wake umejikunja, asiyebweka kama wenzake. Huitwa basenji. Inaelezwa kuwa jina hilo limetoka katika Kilingala, kwa maana ya watu wa porini, nalo ni ndugu wa neno letu washenzi. Alionyeshwa Crufts mwaka 1937 akawastaajabisha watu, kisha akaingizwa daftarini na daftari likafungwa. Baada ya miongo kadhaa, maradhi ya figo ya kurithi yalikuwa yameenea katika kizazi hicho kilichotokana na mbwa wachache. Dawa ilitafutwa wapi? Wafugaji wa Marekani walisafiri hadi Kongo, iliyoitwa Zaire wakati huo, mwaka 1987 na 1988, wakachukua mbwa wa vijijini wasio na cheti chochote, na mwaka 1990 daftari la Marekani likafunguliwa ili kuwapokea. Sisi watu wa pwani, tuliowahi kuwagawa watu kwa uungwana na ushenzi na kutunza shajara za nasaba kwa fahari, tunayo sababu ya kukitafakari kisa hiki polepole. Usafi uliojifungia ulikwenda kuomba uhai kwa yule uliyemwita mshenzi.

Insafu yataka niwasikilize wafugaji. Wao husema kwamba wengi wao huwapenda wanyama wao, hutumia fedha zao kuwapima maradhi, na kwamba bila wao aina kadhaa za kale zingetoweka. Husema pia kuwa mbwa wengi wenye pua bapa leo huzalishwa na wachuuzi wasiojua ulingo ni nini, kwa kuwa wanunuzi wanavutiwa na uso unaofanana na wa mtoto mchanga. Yote haya ni kweli. Lakini mapenzi hayajibu swali letu. Mtu aweza kukipenda kitu na bado akakilipisha gharama ya mapenzi yake.

Kinachotia moyo ni kwamba kigezo ni maneno, na maneno hufutika. Baada ya filamu ya BBC ya mwaka 2008 kuyafichua maradhi ya mbwa wa nasaba, shirika hilo liliacha kuyatangaza maonyesho ya Crufts, na vigezo kadhaa vikaandikwa upya. Mwaka 2012 madaktari wa wanyama waliwapima washindi wa aina kumi na tano zilizotiliwa shaka, na sita kati yao, akiwemo buldogi, wakazuiwa kuendelea. Jaji alikuwa amesema ni mzuri. Daktari akasema haponi kwa uzuri huo. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ya Norway iliamua kwamba kuendelea kuzalisha mbwa waitwao Cavalier King Charles kwa njia ya kawaida ni kuvunja sheria ya ustawi wa wanyama.

Kwa maoni yangu, basi, uzuri haukosi uhalali kwa kuwa una masharti. Hukosa uhalali pale masharti yanapowekwa na mmoja na maumivu yakabebwa na mwingine asiyeweza kusema hapana. Mshairi na ajibane kwa vina apendavyo, na mchongaji auchonge mkakasi wake. Ama mwenye pumzi, kigezo chake cha kwanza na kiwe kwamba aweza kuivuta.