Kosa ni la Nani? Picha ya Ubongo na Hukumu Yetu

Hivi karibuni baada ya ibada mama mmoja alitungoja mlangoni mwa kanisa. Binti yake ana kifafa, na daktari ameshauri apigwe picha ya ubongo. Tulidhani atatuuliza habari za nauli. Lakini yeye aliuliza, "Mwalimu, picha hiyo ikionyesha kitu, je, watu wataacha kusema kwamba nyumba yetu imelaaniwa? Na isipoonyesha kitu, itakuwaje?"

Hatukuwa na jibu siku ile. Tumelifikiri swali lake, nasi twaona kwamba linatuhusu sote.

Hatuna budi kuanza na kosa letu wenyewe. Katika miaka ya 1980 tulikuwa tukifundisha darasa la nne katika shule moja ya kijijini. Siku moja mtoto alianguka darasani, akatetemeka, povu likamtoka kinywani. Wenzake walikimbia nje. Nasi, tuliotoka chuo cha ualimu, tulisimama mlangoni tusimguse, kwa maana tangu utoto tulikuwa tumeambiwa kwamba mate ya mwenye kifafa yanaambukiza. Kisha tulimwandikia baba yake barua ya heshima, kwamba mtoto akae nyumbani mpaka apone. Hakurudi tena. Miaka kadhaa baadaye tulimwona mnadani, vidole vya mkono wake wa kulia vimeshikamana kwa kuungua. Alikuwa ameangukia jikoni. Barua yetu ilikuwa na mwandiko mzuri na mhuri wa shule, lakini ilikuwa hukumu, na aliyehukumiwa hakuwa na kosa.

Tulihukumu tusichokiona. Na kweli, kwa muda mrefu hata waganga wa hospitali hawakuweza kuona ndani ya kichwa cha mtu aliye hai. Eksirei, aliyoigundua Wilhelm Röntgen mwaka 1895, yaonyesha vizuri mfupa wa fuvu, lakini ubongo ni laini, haionyeshi sawasawa. Mwaka 1971 huko London mgonjwa wa kwanza alipigwa picha kwa mashine ya Godfrey Hounsfield, ile tunayoiita leo siti-skani. Mashine hiyo hupitisha miali kichwani kutoka pande nyingi, kisha kompyuta hukusanya hesabu zote na kuchora ubongo kipande kwa kipande, kama mkate uliokatwa. Hounsfield alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1979 pamoja na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, aliyekuwa ametangulia kuifanya hesabu ya kazi hiyo.

Picha hizo zimeonyesha nini kwetu? Watafiti waliwachunguza kwa mashine hiyo watu 212 wenye kifafa wa upande wa Haydom, Mbulu, na matokeo yakachapishwa mwaka 2009. Kadiri ya mmoja katika kila sita alikuwa na alama za mayai ya tegu yaliyokua na kuwa vifuko ndani ya ubongo. Jambo hili si la Mbulu peke yake. Huku kwetu Nyanda za Juu Kusini tunafuga nguruwe, na wengi tunawaacha wajitafutie chakula. Huko Mbozi nako nguruwe wenye ugonjwa huo wamepatikana.

Hapa tusikilize vizuri, maana wengi hukosea. Mtu akila nyama ya nguruwe yenye vifuko, isiyoiva, hupata tegu tumboni. Mayai ya tegu hutoka na choo chake. Mtu mwingine akiyameza mayai hayo kwa maji, mboga au mikono isiyonawa, ndipo vifuko huweza kuingia katika ubongo wake. Basi mtoto asiyeonja nguruwe hata siku moja aweza kupata kifafa kwa sababu jirani yake hana choo.

Tazameni jinsi hukumu inavyogeuka! Tulisema kosa ni la ukoo wa mgonjwa. Picha inamwachilia mgonjwa, kisha yatuuliza sisi: choo chako ki wapi? Nguruwe wako wanazurura wapi? Wanafunzi walimwuliza Bwana habari za mtu aliyezaliwa kipofu, wakitaka kujua ni nani aliyekosa, yeye au wazazi wake. Bwana hakuwapa mtu wa kumlaumu, bali aliona kazi ya kutendwa.

Lakini mama yule aliuliza pia: isipoonyesha kitu? Wagonjwa wengi wa kifafa hupigwa picha, na picha ikawa safi. Hiyo haina maana kwamba ugonjwa ni wa uongo au kwamba kuna uchawi. Maana yake ni kwamba mashine nayo ina mpaka wake. Tukisema, "Tutamheshimu mgonjwa picha ikituthibitishia," tumemweka tena kizimbani, na hakimu sasa ni mashine iliyo mbali na yenye gharama. Jirani zetu wa Mahenge, ng'ambo ya bonde la Kilombero, walianza kutibiwa kifafa na daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norwe, yapata mwaka 1960, kabla mashine hii haijakuwapo duniani. Hakungoja picha ndipo awahurumie.

Wala tusiidharau picha. Daktari akiona vifuko, hujua dawa gani itolewe na ipi isubiri, kwa maana kuua vifuko hivyo kwa haraka kwaweza kuvimbisha ubongo. Kwa hiyo mtu asijinunulie dawa ya minyoo dukani akidhani anatibu kifafa. Hata hivyo, kabla ya picha daktari huuliza kwanza: nani alimwona alipoanguka? Alianzaje? Ilichukua muda gani? Aliyekimbia hawezi kujibu. Sisi tulikimbia, na kama baba yule angempeleka mwanawe hospitali, tusingekuwa na ushahidi wa kumsaidia.

Kwa hiyo mtu akianguka mbele yako, kaa naye. Ondoa moto na vitu vikali, mlaze kwa ubavu, usimtie kitu kinywani, tazama saa. Ikipita dakika tano, tafuta gari la kumpeleka hospitali. Mate yake hayaambukizi kifafa. Akipewa vidonge, mkumbushe asiviache bila ruhusa ya daktari.

Na mama yetu tumemjibu hivi: mpeleke binti akapigwe picha, kwa ajili ya matibabu yake. Kwa ajili ya heshima yake hahitaji picha yoyote. Jumapili ijayo mlete, akae benchi la mbele pamoja nasi. Akianguka, safari hii hatutasimama mlangoni.