Dalili Zinapochanganya, Nani Aamue?



Katika mafundisho ya wanandoa, wengi hujifunza njia ya ute bila taabu kubwa. Siku kavu wanazielewa. Ute unaovutika na kuteleza kama ute wa yai bichi wanautambua. Siku ya kilele wanaijua, na siku 3 za kungoja baada yake wanazihesabu vizuri. Taabu huanza pale mwili unapoacha kufuata somo. Leo kuna ute, kesho hakuna, keshokutwa umerudi. Au damu kidogo inaonekana siku isiyotarajiwa. Baba anauliza, "Sasa tufanyeje?" na mama hana jibu.

Hilo ni swali la mwili, lakini pia ni swali la haki na upendo. Hatuwezi kulijibu la pili kabla ya kulielewa la kwanza.

Madaktari wa Australia, mtu na mkewe, John na Evelyn Billings, walioieneza njia hii duniani, walisisitiza kwamba mwanamke yeyote anaweza kujifunza kuutazama mwili wake, hata asiyejua kusoma. Shirika la Afya Duniani liliijaribu njia hii katika nchi 5: New Zealand, India, Ireland, Ufilipino na El Salvador. Matokeo yalianza kutolewa mwaka 1981, nayo yalionyesha kwamba zaidi ya wanawake 9 kati ya 10 waliweza kuutambua ute wa rutuba tangu mwezi wa kwanza wa kujifunza. Basi dalili zikichanganya, tusikimbilie kusema kwamba mama hana akili au kwamba njia ni ya bure. Mara nyingi ipo sababu.

Ugonjwa, huzuni, safari ndefu au kazi ya kupita kiasi huweza kuchelewesha yai kupevuka. Mwili huanza kujitayarisha, ukasita, kisha ukaanza tena. Ndiyo maana ute huja na kwenda. Mama anayenyonyesha anaweza kuona ute kwa majuma kadhaa bila yai kutoka. Tena yai laweza kutoka kabla ya hedhi ya kwanza kurudi, kwa hiyo asiyeona hedhi asijidanganye kwamba yu salama daima. Wataalamu waliokutana Bellagio, Italia, mwaka 1988 walikubaliana kwamba kunyonyesha humkinga mama kwa zaidi ya asilimia 98, lakini kwa masharti 3 kwa pamoja: mtoto hajatimiza miezi 6, ananyonya tu bila chakula kingine, na hedhi haijarudi. Sharti moja likivunjika, kinga hiyo haitegemewi tena.

Aliyeacha sindano ya kuzuia mimba anaweza kukaa miezi mingi kabla mwili haujarudi katika mpango wake. Mama anayekaribia kukoma hedhi naye huona mizunguko mirefu na mifupi. Wanaopima joto la mwili wajue kwamba homa ya malaria hupandisha joto, na kupanda huko hakuhusiani na yai. Uchafu wenye harufu mbaya au unaowasha si ute wa rutuba. Huo ni wa kupelekwa zahanati. Na si kila damu ni hedhi. Damu isiyotanguliwa na siku ya kilele yaweza kutoka wakati wa rutuba yenyewe, na ikirudiarudia, daktari aione.

Kwa hali hizi zote njia yenyewe ina agizo fupi: ngojeni. Siku zote za mabadiliko muache tendo la ndoa, kisha mhesabu siku 3 ambazo mwili umerudi katika hali yake ya kawaida. Jioni ya siku ya 4 mnaweza kukutana, halafu mwache siku moja kati, ili mabaki ya mbegu za kiume yasifichane na ute. Mbegu huweza kuishi hadi siku 5 katika ute mzuri, ingawa yai lenyewe haliishi zaidi ya siku moja hivi. Dalili ya mvua ni mawingu. Anayengoja matone ndipo aanue mahindi yake amechelewa.

Sasa tuje kwenye swali gumu. Huku kwetu wanaume wengi hufanya kazi mbali na nyumbani. Tuseme baba anafanya kazi katika mashamba ya chai Kericho, naye hufika nyumbani Mulot mwisho wa mwezi, kwa usiku 2 tu. Mama aliugua malaria juma lililopita, na chati yake haieleweki. Wana sababu nzito ya kutotaka mimba sasa. Labda mtoto wa mwisho alizaliwa kwa upasuaji na bado ni mchanga. Nani aamue?

Jibu la kwanza tunalolisikia ni la baba: "Mimi ndiye kichwa cha nyumba. Mengine tumwachie Mungu." Maneno hayo yana sura ya imani. Lakini hebu fikirini Mto Amala wakati wa mvua. Maji yamekuwa ya tope, hakuna ajuaye kina. Mtu akivuka peke yake, hatari ni yake. Je, akimsukuma mwenzake atangulie majini, huku akisema Mungu atamlinda? Huyo hamtumaini Mungu. Anamjaribu, tena kwa uhai wa mwingine. Kama wote wawili wamekaa, wakapima, wakakubaliana kumpokea mtoto hata akija sasa, huo ni ukarimu. Mmoja akiamua na mwingine akabeba matokeo, huo si ukarimu. Kwa hiyo penye shaka ya kweli, neno la yule atakayebeba mzigo mzito zaidi lisikilizwe kwanza.

Jibu la pili ni la mama, na akina mama mnisamehe nikilisema. Kuna anayeona chati yake vizuri, lakini kwa kuwa ana hasira anasema, "Bado haieleweki." Mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu. Siri ya mtungi aijuaye kata, na baba hana namna ya kuhakikisha. Kwa sababu hiyohiyo, uongo huo ni mzito: unaitumia imani ya mwenzako kumpigia. Mtume Paulo, katika barua yake ya kwanza kwa Wakorintho, sura ya 7, anafundisha kwamba mume na mke wasinyimane ila kwa kupatana na kwa muda. Ukiwa na hasira, useme una hasira. Usiusingizie ute.

Jibu la tatu ni baya kuliko yote, kwa kuwa halionekani kuwa kosa. Baba anamwachia mama kila kitu: kutazama, kuandika, kufasiri, kuamua. Mambo yakienda vizuri, yeye yupo. Mimba ikiingia, anasema, "Wewe ndiye uliyesoma vibaya." Kuna baba anayejua bei ya kilo ya majani mabichi, anajua na siku ya bonasi, lakini hajawahi kuifungua chati ya mkewe. Kutazama ni kazi ya mama, kwa kuwa mwili ni wake. Kuamua ni kazi ya wawili, na lawama vilevile ni ya wawili.

Mtu ataniuliza: Je, si mzigo mno? Wengine hungoja siku chache, na sisi majuma mazima! Ni kweli, mizigo hailingani. Papa Paulo VI, katika barua yake Humanae Vitae ya tarehe 25 Julai 1968, alifundisha kwamba wanandoa wenye sababu nzito wanaweza kutumia vipindi visivyo na rutuba ili kupisha uzazi, naye hakuficha kwamba jambo hilo hudai kujitawala. Hatuwezi kuwaahidi wote njia nyepesi. Lakini kungoja kwa wawili ni tofauti na kungoja kwa mmoja huku mwingine akinuna. Zile usiku 2 za mwisho wa mwezi si bure kwa kuwa hazikuwa na tendo la ndoa. Kuna kuzungumza, kuna kusali pamoja, kuna kumsaidia mama aliyetoka kuugua apate usingizi.

Tena tutofautishe mashaka yanayoondoleka na yale yasiyoondoleka. Asiyeandika chati kila jioni, asiyemwona mwalimu wa njia hii, asiyekwenda zahanati akiwa na uchafu unaowasha, huyo mashaka yake ameyalea mwenyewe. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Na pale ambapo mimba ni hatari kwa maisha ya mama, mashaka madogo yahesabiwe makubwa: mngoje mpaka siku ya kilele iwe imepita wazi, na joto la mwili liwe limepanda na kudumu kwa siku 3, ndipo mkutane.

Na ikiwa baada ya uangalifu wote mimba imeingia? Basi neno "kosa" lisitamkwe nyumbani mwenu. Yawezekana hesabu ilikosewa; mtoto hakukosewa. Hakuwa dalili iliyosomwa vibaya. Ni mtu, na atasikia siku moja jinsi mnavyomtaja.

Basi leo jioni, baba, iombe chati. Uliza maswali mawili tu: "Umeona nini?" na "Unajisikiaje?" Mama, jibu kweli yote, hata kama kweli yenyewe ni "sijui". Nyumba ambamo mke anaweza kusema "sijui" bila kuogopa, na mume akasema "basi tungoje" bila kununa, dalili zake zaweza kuchanganya, lakini watu wake hawatapotezana.

Mungu azibariki ndoa zenu.